Ndaga Iliyoandikwa Kuwa Ndiyo

Kila asubuhi kabla ya shule, Sekela alifunua turubai lililofunika kakao ya mama yake, akazigeuza mbegu kwa mikono ili zipate hewa, kisha akanywa uji akiwa amesimama. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita na katibu wa baraza la wanafunzi. Mlangoni, Aliko wa jirani, mtoto wa darasa la tatu, alikuwa akimsubiri viatu mkononi.

"Dada Sekela, unakunywa uji kama bibi harusi! Tutachelewa."

"Twende, mbu wewe."

Kati ya nyumba zao na shule ulipita mto, na juu ya mto yalilazwa magogo mawili yaliyofungwa kwa waya. Moja lilikuwa limeoza katikati. Wanafunzi walivuka mmoja mmoja, wakubwa wakitangulia ili wawapokee wadogo ng'ambo. Kwenye tambarare ile ya mpunga, upande wa Bujonde, kila mtu alijua maji ya masika yanavyopanda.

Mwezi wa pili, baraza la wanafunzi liliandika barua ya kurasa mbili. Mwalimu Naomi akawaombea nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji.

"Hamjafikia umri wa kupiga kura," aliwaambia, "lakini miguu inayovuka ni yenu. Nendeni mkaseme."

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la mpunga. Watu walifika mia mbili hivi. Sekela alisoma ukurasa wa kwanza, ulioomba magogo yabadilishwe kabla ya masika. Kabla hajaufunua wa pili, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Andongwisye, aliinua mkono.

"Barua ndefu hiyo, mwanangu. Nimeelewa. Daraja tutalitengeneza baada ya mavuno, watu wakipata nafasi. Sawa?"

Macho yote yakamgeukia Sekela. Tangu utotoni alifundishwa kwamba mkubwa akishasema, mtoto hupiga goti na kushukuru. Akapiga goti.

"Ndaga, tata," akasema. Asante, baba.

Watu wakapiga makofi. Gidion, mtendaji wa kijiji, akaandika kitu kwenye daftari lake. Barua ikarudi mfukoni, ukurasa wa pili haujasomwa.

Njiani Lugano, aliyekaa naye dawati moja, hakumwacha. "Katibu wetu! Umekwenda kudai daraja, umerudi na makofi."

"Ulitaka nibishane na mzee?"

"Nilitaka usome ukurasa wa pili."

Mwezi wa nne mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne asubuhi maji yalikuwa yanalamba magogo. Sekela alivuka kwanza, akageuka, akanyoosha mkono. Aliko alikuwa amefika katikati, viatu mkononi, gogo lilipokatika. Hakupata hata nafasi ya kulia. Sekela alibaki amenyoosha mkono, na mbele yake hapakuwa na mtu.

Walimpata kesho yake, pale mto unapoingia ziwani.

Baada ya mazishi, mkutano wa dharura uliitishwa katika ghala lilelile. Mama yake Aliko, Veronika, aliketi mbele kwenye mkeka, kanga kichwani. Kama ilivyo desturi ya mikutano, Gidion alianza kwa kusoma muhtasari wa kikao kilichopita.

"Wanafunzi waliomba daraja. Mwenyekiti aliwaeleza kuwa litatengenezwa baada ya mavuno. Wanafunzi waliridhia."

"Kuna masahihisho?" akauliza Mzee Andongwisye.

Watu walitazama miguu yao. Sekela alisikia neno lile likirudi kichwani: waliridhia. Akasimama, akapiga goti, akainuka tena.

"Tata, muhtasari umekosewa. Mimi sikuridhia."

"Mwanangu, ulisema ndaga. Wote tulisikia."

"Nilishukuru kwa sababu u mzee wangu. Ndaga si ndiyo. Na barua ilikuwa na ukurasa wa pili."

Akautoa. Ulikuwa umekunjamana. Akasoma: "Tunaomba pia, mpaka daraja litakapotengenezwa, mtu mzima mmoja asimame mtoni asubuhi na jioni, awavushe wadogo."

Mvua ilipiga bati. Veronika aliinua kichwa.

"Mmoja tu," alisema. "Waliomba mtu mmoja tu."

Mzee Andongwisye alivua kofia. "Gidion, futa hilo neno. Andika kwamba tuliombwa, na hatukusikiliza. Kisha andika zamu ya mtoni. Kesho naanza mimi."

Kesho yake alikuwa mtoni, maji ya mafuriko yakimfika magotini pale ukingoni, amefunga kamba kiunoni, akivusha watoto kwa mtumbwi. Wiki tatu baadaye, kabla ya suke moja la mpunga kukatwa, daraja jipya la mbao lenye vishikio pande zote mbili lilikuwa limesimama.

Siku ya kwanza ya kulivuka, Sekela aligoma kupanda. Mama yake, mwanamke asiyejua kubembeleza, alimsindikiza mpaka pale.

"Mama, ningesoma ukurasa wa pili, Aliko angekuwepo."

"Huenda. Lakini sikiliza. Ghalani tulikuwa watu wazima mia mbili, na mimi nikiwamo. Tulikatiza barua ya watoto, tukapiga makofi. Mzigo huo ni wetu, usiubebe wewe. Wewe beba somo."

"Somo gani?"

"Goti ni adabu, endelea kulipiga. Lakini ukishainuka, maliza ulilotumwa kusema. Kijiji ni chako tangu sasa, usingoje kura. Ukinyamaza, mwanangu, mwenye kalamu atakuandikia jibu."

Nyuma yao mtoto wa darasa la kwanza alikuwa anasubiri, viatu mkononi. Sekela akampa mkono, wakavuka.