Mama, Joto na Unga wa Mizizi

Kila akitoka shuleni, Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya doa jeusi shavuni, alipitia kwenye duka la dobi alikofanya kazi mama yake. Alikaa juu ya furushi la mashuka, akakunja soksi za wateja huku mama akipiga pasi. Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo, na mvuke ulitanda hadi darini.

Mwaka huo mama alianza kubadilika. Akiwa katikati ya kazi, joto lilimpanda ghafla kutoka kifuani hadi utosini, jasho likamtiririka, moyo ukamwenda mbio. Mwanzoni alilifanyia utani.

"Siku hizi mimi mwenyewe ni pasi," alimwambia Kidoti. "Kasoro waya tu."

Utani uliisha siku alipounguza shati la mteja. Joto lilimshika, akafumba macho kidogo, pasi ikabaki palepale. Mwenye duka, mwanamke mwenye ulimi mkali, aliliinua lile shati mbele ya watu.

"Kama umechoka, nenda kapumzike moja kwa moja!"

Mama aliinamisha kichwa, akachukua nguo nyingine ya kupiga pasi.

Jioni hiyo alirudi nyumbani na mfuko wa unga wa kahawia, usio na jina wala maelezo, alioununua kwa muuza dawa wa stendi.

"Mama, kwani unaumwa?" Kidoti aliuliza.

"Hedhi yangu inakoma, mwanangu, na mwili unawaka moto. Hii ni mizizi tu, haina madhara. Lakini usimwambie mtu, hata mama yako mdogo. Watasema nimezeeka, na kazi watampa msichana."

Kidoti aliitikia kwa kichwa.

Mama akawa anaunywa unga ule asubuhi na jioni. Joto lilipokataa kupungua, akaongeza kipimo. Hamu ya kula ikamtoka, mashavu yakabonyea. Mama mdogo alipokuja kuwatembelea, alimvuta Kidoti pembeni.

"Mbona dada kakonda hivi?"

"Kazi nyingi tu," Kidoti alijibu, akitazama vidole vya miguu yake.

Siku chache baadaye mama alianguka kazini. Kidoti alimkuta hospitali, macho yake yamekuwa ya manjano kama kiini cha yai. Mama mdogo alikuwa amemshika mkono.

"Kuna dawa yoyote aliyokunywa?" daktari aliuliza. "Ya duka, ya miti shamba, yoyote?"

"Hapana, daktari. Dada yangu hata kidonge cha kichwa hamezi."

Mama alifumbua macho, akamtazama Kidoti, akatikisa kichwa polepole. Kidoti alijua akisema, mama atamchukia. Akinyamaza je?

"Anakunywa unga wa mizizi," alisema. "Kila siku. Aliniambia nisiseme."

Mama aligeuza uso, akatazama ukutani.

Kidoti alitumwa nyumbani mbio kuuleta mfuko ule. Vipimo vilionyesha kuwa ini la mama limeumia vibaya. Alilazwa muda mrefu, na siku za kwanza hakumsemesha binti yake hata neno. Kidoti aliketi kando ya kitanda, akimpepea kwa daftari, machozi yakimlenga. Huku nyuma, mwenye duka akatuma ujumbe kwamba nafasi imeshapata mtu.

Mama alipoanza kupata nafuu, muuguzi wa makamo alivuta kiti.

"Mama, hilo joto si aibu. Hata mimi lilinitesa, nikawa nafungua madirisha watu wengine wakitafuta sweta." Mama alitabasamu kwa shida. "Punguza pilipili na chai kali. Kula maharage, soya, mboga za majani na matunda. Weka maji ya baridi karibu, vaa nguo za pamba. Wengine hupata nafuu, wengine kidogo tu. Likizidi, njoo hapa, zipo dawa zilizopimwa. Lakini dawa usiyoijua, hata kama imetoka shambani, usiitie mdomoni bila kutuuliza."

Mama alirudi nyumbani akiwa dhaifu. Joto bado lilimjia, ila sasa aliketi, akanywa maji, likapita. Alianza kuwapigia majirani pasi barazani, asubuhi kabla jua halijakolea. Pato lilikuwa dogo, na siku nyingine nguvu zilimwishia mapema.

Asubuhi moja aliiweka pasi chini, akamwita Kidoti.

"Nilikukasirikia sana," alisema. "Nilikutwika mzigo wa mtu mzima, nao kidogo uniue. Sikiliza, mwanangu. Mtu akikuambia unyamaze, nawe unamwona anaumia, mtafute mtu mzima umwambie. Usimwogope aliyekunyamazisha, hata kama ni mimi."