Mlango wa Orvek

Kila Jumamosi, theluji ikiwa imeziba madirisha ya mji wa Bemidji, Marit aliteremka kwenye chumba cha chini ya nyumba yao, akapanga viti, akamwaga kete mezani na kuwasubiri Tou na Winnie. Marit, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa msimulizi wa mchezo wao. Yeye aliwaeleza wanachokiona na kuwaendesha maadui. Wenzake walikuwa mashujaa: walisema wanataka kufanya nini, na kete yenye nyuso ishirini ikaamua kama wamefaulu: namba kubwa ilimaanisha ndiyo.

Jumamosi moja walikuwa wamembana Orvek, mchawi aliyeiba kengele ya mji. Marit akaingiwa na wasiwasi. Orvek akikamatwa leo, si hadithi itakuwa imekwisha? Na hadithi ikiisha, wenzake watakuja tena kufanya nini?

"Anasukuma ukuta," akasema haraka. "Kuna mlango wa siri. Ameshapotea."

Tou akaweka biskuti yake chini. "Mlango gani? Wiki iliyopita tuliugonga ukuta huo wote. Wewe mwenyewe ukatuambia ni jiwe tupu."

"Hamkugonga vizuri."

"Wewe nawe," Winnie akasema. "Sema tu hutaki tushinde. Basi baki na Orvek wako. Mimi Jumamosi ijayo naenda kuteleza kwenye barafu."

Wakaondoka bila kuaga.

Kesho yake Marit na mama yake waliketi juu ya ziwa lililoganda, wakivua samaki kupitia matundu waliyotoboa kwenye barafu. Samaki mmoja aliuvuta uzi wa Marit, akafika kwenye mdomo wa tundu kabisa, kisha akajichomoa. Marit akaangua kicheko.

"Mjanja yule, Mama. Umemwona?"

Halafu akaurudisha uzi majini. "Mbona sijakasirika? Jana Orvek alitoroka, wenzangu wakaninunia." Akamsimulia mama yake yote, hata habari ya ukuta.

"Na kama mimi ningekukatia uzi samaki alipofika juu," mama akauliza, "ungecheka?"

"Ningekununia mpaka Pasaka."

"Hata kama nilitaka tu tuendelee kuvua?"

Marit alilitazama tundu. "Kumbe samaki anaweza kutoroka," akasema polepole, "ila na mimi lazima niwe na nafasi ya kumzuia."

Jioni akawapigia simu wenzake. "Ule mlango niliubuni palepale. Mlikuwa mmeshambana Orvek. Nisameheni, njooni turudie."

"Na kuteleza kwangu?" Winnie akauliza.

"Barafu ya huku haina haraka ya kuyeyuka."

Winnie akacheka. Jumamosi wakaja wote wawili.

"Orvek yuko kando ya dirisha," Marit akaanza. "Nje inaning'inia kamba, naye anaitupia macho. Mnafanya nini?"

"Naikata kamba," Tou akasema.

"Mimi namrukia," Winnie akasema.

Tou akarusha kete yake katikati ya meza, kila mtu akiona. Ikaangukia mbili.

"Kisu kimekuponyoka," Marit akasema. "Orvek ameshatoa mguu mmoja nje."

"Shujaa gani huyu," Winnie akanung'unika, akarusha yake. Kumi na tisa.

Marit akaitazama kete. "Umemdaka mguu. Amekamatwa."

Tou na Winnie wakagongeana viganja kwa furaha. Marit akangoja wachukue makoti yao. Badala yake, Tou alisogeza kiti. "Haya, mchawi. Kengele ulikuwa unampelekea nani?"

Swali hilo Marit hakuwa amelifikiria hata kidogo. Akakohoa, akaijaribu sauti nzito ya Orvek, na hadithi ikafunguka upya mpaka mama wa Winnie akaja kumchukua.

Wageni walipoondoka, mama yake Marit akashuka kumsaidia kuokota kete.

"Msimulizi ameshika imani ya wenzake, mwanangu," akasema. "Adui wako mpe njia, wenzako wape nafasi, kisha likubali litakalotokea, hata kama silo ulilolitaka. Watu hurudi pale wanapotendewa haki."