Kona Asiyoifagia Meneja

Jua lilikuwa linazama upande wa Lamadi nilipotoka kwenda kumwaga vumbi la Meneja.

Meneja hakuwa mtu. Alikuwa sahani nyeusi ya plastiki yenye magurudumu, brashi na betri, inayozunguka sebuleni yenyewe ikifyonza taka. Shemeji yangu Danford, mnunuzi wa pamba, aliinunua Mwanza, akaileta hadi Bariadi kwenye kiti cha mbele cha gari, imefungwa mkanda. Mama yake mzazi alikaa nyuma, juu ya magunia.

Nilikuwa naishi kwao Somanda, hapo hapo Bariadi, kwa dada yangu Evalina, nikisubiri ajira baada ya chuo. Kwa kuwa sikuwa na kazi, nilipewa moja. Kukata nywele zilizojiviringisha kwenye brashi. Kuosha chujio na kulianika mpaka likauke kabisa. Kufuta vijicho vya kile chombo kwa kitambaa kikavu. Kumwaga kikasha. Danford aliwaambia wageni kwamba ameajiri mhitimu wa kumwogesha Meneja wake. "Mshairi, leo bosi wako ameshiba?" aliniuliza kwa jina la utani alilonipa, nao wakacheka. Mimi pia nilicheka. Sikuwa nacheka walichocheka wao.

Nilimdharau yule mtu. Jioni aliketi kwenye kochi lake, kioo kidogo mkononi, aking'oa ndevu nyeupe moja moja kwa kibanio na kuziangusha sakafuni. Kichwani alipaka piko. Ukimtajia mvi alinuna mpaka kesho yake. Meneja alipita miguuni pake, akafyonza. Mzee akawa kijana tena.

Na kila jua lilipozama alifungua mlango wa mbele na kupandisha mapazia, ili wapita njia waone sahani ikifagia marumaru yake. Hapo ndipo alipogombana na mama yake.

Mama Mhoja hakutaka makochi. Alisema yanameza watu. Alikaa kwenye kona ya sebule, chini, juu ya mkeka wake, miguu kainyoosha mbele, kitambaa kichwani, kopo la ugoro pembeni. Yeye alimtazama Meneja kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani. Alimwambia mwanawe kwamba kufagia jua likizama ni kumfagia mwenye nyumba. Danford alijibu kwamba huo ni ushamba wa Nkoma, kijijini kwao, na kwamba ushamba ameuacha huko huko. Lakini kila jioni chombo kilikwama kwenye mkeka. Kililia, kikazunguka, kikalia tena. Mmoja ilibidi aondoke.

Aliondoka mama.

Alirudishwa Nkoma, kwenye nyumba yake ya udongo, akae peke yake. Kabla hajapanda gari alinishika mkono. "Mwadila, ng'wana wane," alisema, akiniita mwanangu. Mwadila ni salamu ya mchana mtu anapofika kwa watu. Yeye alikuwa anaondoka.

Basi, jioni ile nilirudi ndani na kikasha kitupu. Nikakichomeka. Nikakiwasha kile chombo. Evalina alikuwa jikoni, Danford alikuwa bado ghalani. Sebule ilikuwa nusu mwanga, nusu kivuli.

Shrr... shrr... shrr...

Kilifagia mbele ya runinga. Kikafagia chini ya meza. Kikaenda kwenye kona.

Kikasimama.

Pale hapakuwa na kitu. Mkeka ulikwenda na mwenyewe. Lakini chombo kilirudi nyuma kidogo, kikageuka taratibu, kikaanza kuzunguka kitu nisichokiona. Kilienda moja kwa moja, kikakunja, kikarudi moja kwa moja. Halafu kikasema. Kilikuwa na sauti ya mwanamke wa Kichina, ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeielewa, na Danford alijivunia hata hilo. Maneno yake nilikuwa nimeyazoea kwa masikio. Haya sikuwahi kuyasikia.

Harufu ikaja. Ugoro... na moshi wa kinyesi cha ng'ombe, ule wa kuni za watu wasio na kuni.

Niliinama. Marumaru yote yaling'aa, isipokuwa hapo. Vumbi lilikuwa limebaki katika umbo. Makalio. Mapaja. Miguu miwili iliyonyooshwa. Visigino viwili, mviringo, vimenielekea mimi.

Nilipiga deki mwenyewe kabla Evalina hajaona. Jioni iliyofuata umbo lilikuwa pale pale, na safari hii Evalina aliliona. Hakupiga kelele. Alivuta kiti, akakaa, akasema kwa sauti ndogo, "Mayu amekuja." Ndivyo alivyomwita mama mkwe wake.

Mimi nina cheti. Nilikataa kuogopa. Niliirekodi ile sauti kwenye simu, nikaipeleka kwa Twaibu, fundi simu wa karibu na soko. Aliipitisha kwenye programu yake ya kutafsiri, akasoma kioo cha simu. Chombo kilikuwa kinasema: Kuna mtu mbele. Nitapita pembeni. Twaibu aliona jambo la kawaida. Kimetengenezwa hivyo, alisema, kikikutana na miguu ya mtu kinaheshimu. Labda vijicho vyake ni vichafu. Nilirudi nikavifuta vijicho vyote. Nikaosha chujio. Nikakaza magurudumu.

Jioni kilizunguka kona kwa heshima zaidi ya jana.

Evalina alianza kupiga simu Nkoma. Asubuhi mama mkwe wake alipokea, akauliza habari za ng'ombe na za watu, kwa mpangilio huo. Magharibi hakupokea. Kila magharibi simu iliita mpaka ikakata. Mwishowe dada alimwomba Magese, jirani wa kule, akachungulie. Magese alisema alimkuta kwenye mkeka, miguu kainyoosha, macho wazi, anatazama ukuta. Alimwita hakuitika. Alimgusa bega, lilikuwa baridi kama mtungi. Giza lilipoingia alipepesa macho, akavuta ugoro, akamuuliza Magese kwa nini anamwangalia hivyo. Alisema yeye alikuwa amekwenda tu kukaa na mwanawe kidogo.

Tungeweza kumficha Danford mambo haya, lakini jioni moja aliwahi kurudi. Alisimama katikati ya sebule na viatu vyake vya ncha kali, akaona Meneja anavyozunguka. Akaona umbo. Rangi ya uso ilimtoka, piko likabaki peke yake kichwani.

Alitunong'oneza, ingawa tulikuwa watatu tu.

"Mama yangu ni mchawi."

Evalina alimwambia afadhali amfuate mama, amrudishe nyumbani, amwekee mkeka wake kwenye kona, yaishe. Danford hakusikia. Alishawaza mbali. Kuna mganga kule mjini Mwanhuzi, alisema, wakubwa wote wa pamba wanakwenda kwake. Huyo hataki jina, hataki hadithi. Anataka nywele za mbaya wako. Akishazipata anafanya kazi yake, mwenye nywele anafagiwa kwenye maisha ya watu, na kabla ya hapo nywele zenyewe zinamtaja mbele ya mashahidi. Danford angewachukua watu wa Nkoma wakawe mashahidi.

Nilijua maana yake. Kila aliyekulia huku anajua. Bibi kizee anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu ya moshi, akishatajwa na mganga mbele ya watu wa kijiji chake, halali tena kwa amani. Na wengine huwa hawaamki. Mapanga hayasubiri ushahidi wa pili.

"Shemeji, atauawa," nilimwambia.

"Mshairi, tunga shairi," alinijibu. "Kesho jioni nataka nywele zake. Zimo humo kwenye brashi ya Meneja. Amekaa hapa mwaka mzima, hazikosi. Zitafute nyeupe."

Evalina alifumbua mdomo. Nilimtazama. Akaufumba.

Kwa maana kuna jambo alilolijua Evalina, na mimi nililijua, na kila mwanamke aliyewahi kumsaidia yule mama kuoga alilijua. Chini ya kile kitambaa hapakuwa na unywele. Mama Mhoja alinyolewa kwa wembe kila mwezi, nyuma ya nyumba, na dada yangu ndiye aliyemnyoa, na nywele wakazifukia chini ya mpapai. Alinyolewa hivyo tangu alipofiwa na mume. Mwanawe wa kumzaa, aliyelala mgongoni mwake, aliyekaa naye nyumba moja mwaka mzima, hakujua kichwa cha mama yake kikoje. Hakuwahi kutazama.

Niliketi kizingitini na kile chombo mapajani. Nikakata kwa mkasi, nikachambua. Nywele ndefu za Evalina. Nyuzi za zulia. Na nyingine fupi, nyeupe, ngumu, zenye mzizi kwenye ncha kama zilizong'olewa kwa kibanio. Nilipata nyingi. Nilizifunga kwenye karatasi safi.

Danford alizifungua, akazikagua kwenye mwanga, akakunja pua kwa kinyaa.

"Ona," alisema. "Hata nywele zake za kichawi."

Hakuzitambua. Angezitambuaje? Hajawahi kukubali kuwa anazo.

"Ndizo nyeupe pekee zilizokuwemo, shemeji," nilisema. Sikumdanganya hata neno moja.

Aliondoka alfajiri kwenda Mwanhuzi, na mashahidi wake wawili kutoka Nkoma amewajaza kwenye kiti cha nyuma. Magese alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyetusimulia baadaye. Mganga alizitia nywele kwenye maji. Akamtazama Danford. Akauliza kama ana hakika anataka mwenye nywele hizi afagiwe. Danford akasema ana hakika. Mganga akauliza tena. Danford akamwambia asimcheleweshe, ana pamba inamsubiri. Basi yule mganga akachukua ufagio mpya wa chelewa, akafagia kutoka miguuni pa Danford mpaka nje ya mlango. Jina hakulitaja. Aliwaambia mashahidi warudi nyumbani wakalee wazazi wao. Magese aliona ajabu. Danford aliona amehudumiwa.

Alirudi jua likizama, anapiga miluzi. Aliketi kwenye kochi lake, akaagiza milango ifunguliwe, mapazia yapandishwe. Nikakiwasha chombo.

Shrr... shrr...

Kilikwenda moja kwa moja kwenye kona. Hakikusimama. Kilifagia chote, ukuta kwa ukuta. Umbo halikuwapo. Harufu haikuwapo.

"Mmeona?" Danford alicheka, akanyoosha miguu. "Mmeona wenyewe?"

Dakika hiyo hiyo simu ya Evalina iliita. Mama Mhoja alikuwa anapiga, magharibi, sauti yake nzima. Hajambo. Amekula. Aliuliza tu kwa nini mwanawe amefagiwa.

Nilisikia shrr ikikaribia.

Chombo kilikuwa kimeacha sakafu yote. Kilikuja polepole mpaka kwenye viatu vya Danford, kikasimama. Brashi ilizunguka. Akavuta miguu kushoto, kikaenda kushoto. Akavuta kulia, kikaenda kulia. Akaipandisha kwenye kochi. Kikabaki chini, kinangoja. Halafu ile sauti ya kike ikasema maneno mapya, taratibu, na injini ikaanza kuvuma kuliko ilivyowahi kuvuma.

"Kizime," Danford alinong'ona.

"Nimekizima, shemeji."

Nilimwonyesha betri. Ilikuwa mkononi mwangu.

Shrr... shrr... shrr...

Kilinyamaza giza lilipoingia. Siku iliyofuata nilimpelekea Twaibu maneno mapya niliyoyarekodi. Alisoma kioo, akaanza kucheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. Tafsiri ilikuwa hii: Hapa pana uchafu mwingi. Naongeza nguvu. Twaibu alisema ni maneno ya kawaida, kinayasema kikipita juu ya zulia chafu. Kuhusu betri, alisema labda kina nyingine ndogo ndani. Labda. Nimekifungua chote. Sijaiona.

Danford alikitupa korongoni. Magharibi kilikuwa miguuni pake. Akakivunja kwa nyundo. Vipande navyo havikukaa alipoviacha. Sasa amekubali kukaa nacho. Piko halishiki tena kichwani mwake. Mashavu yamebonyea. Akitembea uani vumbi halionyeshi nyayo, na suruali zake Evalina anazipunguza kiuno kila Jumapili.

Mama yake anapiga simu kila siku. Mwanzoni nilidhani anapiga kumcheka. Hapana. Anasema dawa anaijua, nayo ni nyepesi. Danford aende Nkoma, avue viatu, akae naye chini kwenye mkeka, jioni moja tu, mpaka giza liingie. Chombo kikija kitamwona mama, kitapita pembeni, kama kilivyozoea.

Nilimfikishia ujumbe. Evalina alimpigia magoti. Gari liko nje, Nkoma si mbali.

Danford alikuwa kwenye kochi, miguu juu, kioo kidogo mkononi. Kisha akakunja pua, ile ile.

"Nikae chini?" alisema. "Kule kuna vumbi."

Basi. Mimi nina kazi yangu. Kila jioni nachomoa kikasha, natoka nje, jua likizama upande wa Lamadi, nakimwaga nyuma ya uzio.

Kila jioni ni kizito kuliko jana.