Msomaji wa Kila Jioni

Chiriku akitoka shule hakuwa na safari nyingine. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akavua viatu, akanawa mikono, akala chakula alichofunikiwa mezani, kisha akaenda moja kwa moja chumba cha cherehani. Jina hilo la Chiriku alipewa na baba yake, maana tangu ajue kusema, mdomo wake haukupata likizo.

Chumba cha cherehani kilikuwa mahali pa kazi pa mama yake. Upande mmoja palikuwa na meza ya kukatia vitambaa, na ukutani kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Upande wa pili, juu ya meza ndogo, ilikaa laptopu kuukuu aliyoiacha mjomba. Betri yake ilishakufa. Mtu akijikwaa kwenye waya wa umeme, kompyuta nayo ilizimika papo hapo, na Chiriku akapiga kelele mpaka jirani akauliza kulikoni.

Mama alikuwa na mtindo wake wa kazi. Mteja akija kuchukua nguo, hakumkabidhi ikiwa imekunjwa. "Vaa kwanza," alisema. "Inua mikono. Kaa. Inama kama unaokota kitu." Mteja akisema inambana, mama hakubishana naye hata kidogo. Alichukua wembe, akafumua mshono, akaanza upya.

"Lakini mama, si ulimpima mwenyewe? Vipimo viko sawa!" Chiriku alimwambia siku moja.

"Vipimo viko sawa," mama alijibu huku sindano ziko mdomoni, "ila mwenye kwapa ni yeye."

Baba yake Chiriku alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kazi yake ilikuwa mbali, mahali palipokuwa pakijengwa daraja, na nyumbani alikuja kwa nadra. Alikuwa akipiga simu, lakini huko mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Mara unasikia nusu ya neno, mara kimya. Ndiyo maana mwalimu wa kompyuta alipowafundisha wanafunzi wake kufungua blogu, Chiriku alijua papo hapo yake itakuwa ya nini. Ataandika habari za nyumbani, na baba atazisoma huko huko aliko.

Makala ya kwanza aliiandika shuleni, mwalimu akiwa amesimama nyuma yake. Ilikuwa fupi: "Karibuni kwenye blogu yangu. Mimi ni Chiriku. Hapa utasikia habari za nyumba yetu, za kuchekesha na za kweli. Baba, hii ni kwa ajili yako hasa." Baba aliisoma, akapiga simu kwa furaha, akataka kujua nyingine zinakuja lini.

Nyingine Chiriku aliziandika mwenyewe nyumbani, na alizipata kwa jasho. Kivinjari cha ile laptopu, yaani programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kilikuwa na vituko. Ukikifungua, kinadai kisasishwe. Ukikisasisha, kinasahau nenosiri. Ukurasa ukianza kufunguka, yanachomoza matangazo ya viatu na kuziba maandishi yote, na ile alama ya kuyafunga ni ndogo kama punje ya ufuta. Siku moja alikuwa ameshaandika makala nzima, kivinjari kikaganda, kila kitu kikapotea. Alilia kabisa. Lakini kesho yake aliandika tena, kwa sababu alimwazia baba akisoma huku anacheka.

Aliandika jinsi mdogo wake alivyong'oka jino akalificha kwenye kopo la vifungo, na mama nusura alishone kwenye shati la mteja akidhani ni kifungo. Aliandika habari za mteja aliyerudisha suruali ipanuliwe kwa mara nyingine, huku akiapa kwamba ni sabuni ndiyo inayoifanya ipungue. Tena aliandika kuhusu paka aliyezaa ndani ya kikapu cha vitambaa, juu ya gauni la bi harusi. Kila alipomaliza, alibonyeza "Hifadhi", kisha akabonyeza "Tazama", na makala ikatokea mbele yake na picha zake na kichwa cha habari chekundu. Chini kabisa palikuwa na namba ya waliotembelea blogu, nayo ilipanda kila siku. Chiriku alipenda sana kuitazama ile namba.

Tatizo lilikuwa baba.

"Nimefungua, mwanangu," alisema alipopiga kwenye simu ya mama, simu ya batani isiyoweza kufungua blogu wala chochote. "Naiona ile ya Karibuni."

"Na ya paka?"

"Ya paka sijaiona."

"Baba, onyesha upya ukurasa."

"Nimeonyesha. Ni Karibuni tu."

Chiriku alikumbuka somo. Mwalimu aliwahi kueleza kwamba kivinjari huweka akiba ya kurasa za zamani, ili zifunguke haraka, na wakati mwingine humwonyesha mtu ukurasa uliokwisha kupitwa na wakati. Basi! Kosa liko kwa baba. "Futa akiba ya kivinjari chako," aliamuru kama daktari anayeandika dawa. "Nenda kwenye mipangilio, futa kila kitu."

Shuleni nako mambo yalikuwa hayo hayo. Rafiki aliyekaa naye dawati moja, ambaye darasa zima lilimwita Wakili kwa kupenda kwake kuhoji, alisema, "Nimeingia kwenye blogu yako kwa simu ya dada. Nimeona makala moja tu. Hizo za paka unazosimulia ziko wapi?"

"Hiyo simu ya dada yako ya kizamani," Chiriku alimjibu mbele ya watu. "Wenzako zaidi ya mia mbili wanasoma, wewe unalalamika."

Wenzao waliangua kicheko. Wakili alifunga kitabu chake. Aliona aibu, na Chiriku aliliona hilo, lakini alikuwa amelewa ushindi wake.

Siku chache baadaye baba alipiga tena. Upepo ulisikika ukivuma, kwani ilimbidi asimame karibu na tangi la maji, mahali pekee ambapo simu yake ilishika mtandao.

"Nimefuta vyote kama ulivyosema," alisema. "Sasa hata ukurasa wa zamu za kazini umenigomea, unataka nenosiri ambalo nilishalisahau. Jana nimekwenda kazini saa isiyo yangu, msimamizi akanifokea. Lakini paka bado simwoni, mwanangu."

Chiriku alijisikia vibaya. Na badala ya kusema hivyo, alikasirika.

"Baba, sema tu hutaki kusoma! Watu zaidi ya mia mbili wanaiona, wewe peke yako ndiye huioni?"

"Haya, mama," baba alisema taratibu, kwa jina alilozoea kumwita alipokuwa mdogo, na simu ikakatika. Safari hii Chiriku hakuwa na hakika kama ni mtandao.

Mguu wa mama ulisimama juu ya pedali ya cherehani. "Umewahi kuifungua hiyo blogu kwenye kompyuta nyingine, au kwa simu ya mtu?"

"Mama, haya mambo wewe huyajui."

Mama alimtazama kidogo, akarudi kwenye mshono wake. Tangu hapo Chiriku hakuandika tena. Baba akipiga, alijifanya ana kazi nyingi za shule. Alikuwa na uchungu moyoni. Alijiambia kwamba baba amemsahau, na kila alipojiambia hivyo, uchungu uliongezeka.

Ikafika siku ya wanafunzi kuonyesha blogu zao kwenye chumba cha kompyuta. Chiriku alinyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza sentensi. Alikaa kwenye kompyuta ya mbele, ile iliyounganishwa na projekta, akaandika anwani ya blogu yake kwa madaha. Ukurasa ukafunguka ukutani, mkubwa kama mlango.

"Karibuni kwenye blogu yangu."

Akashuka chini. Hapakuwa na kitu kingine. Hakuna paka wala suruali. Hata jino halikuwepo.

"Kompyuta hii mbovu," alisema. Akaonyesha ukurasa upya mara kadhaa. Nyuma mtu alicheka, wengine wakafuata.

"Tulieni," mwalimu alisema, akavuta kiti akakaa kando yake. "Ukiwa nyumbani unaifunguaje?"

"Ninaingia kwa nenosiri langu, ninaandika, ninabonyeza Hifadhi, halafu Tazama. Inatokea vizuri kabisa, mwalimu. Naapa."

"Ingia kwa nenosiri lako tuone."

Aliingia. Orodha ya makala zake ikatokea, moja chini ya nyingine, na kando ya kila moja, isipokuwa ile ya kwanza, paliandikwa neno dogo la kijivu: Rasimu.

"Umezihifadhi, lakini hukuzichapisha," mwalimu alieleza. "Kitufe cha Chapisha ni hiki hapa. Makala ambayo haijachapishwa anaiona mwenye blogu tu, tena akiwa ameingia kwa nenosiri lake. Ni kama nguo uliyoishona ukaifungia kabatini, halafu ukawauliza watu mbona hawaisifii."

"Lakini namba, mwalimu! Watu zaidi ya mia mbili!"

Mwalimu alifungua ukurasa wa takwimu, unaoonyesha blogu ilifunguliwa lini na kwa kifaa gani. Chiriku alisoma na kujisikia anapungua kwenye kiti. Karibu zote zilikuwa ziara za kompyuta moja, kila alasiri, muda ule ule anaotoka shule. Kila alipofungua blogu yake kuitazama namba, ndipo namba ilipopanda. Msomaji wake mkubwa alikuwa yeye.

"Na hii hapa ni nani?" mwalimu aliuliza, akielekeza kidole.

Palikuwa na ziara nyingine, za simu moja. Simu hiyo ilikuwa imefungua Karibuni jana. Na juzi. Na siku iliyotangulia, na iliyotangulia hiyo, kila siku kuelekea jioni, kurudi nyuma mpaka siku blogu ilipoanza. Hata baada ya yeye kuacha kuandika, hata baada ya yale maneno aliyoyasema, simu hiyo haikuacha.

Chiriku alijua ni nani. Alimwona baba amesimama kando ya tangi la maji katika ule upepo, anafungua, anasoma mistari ile ile, anafunga. Alilia mbele ya darasa zima, na hakuna aliyecheka tena.

Kengele ilipolia, alimfuata Wakili mlangoni. "Ulikuwa unasema kweli, nami nikakuaibisha. Nisamehe."

Wakili alikunja uso kama hakimu. "Nitakusamehe nikishamwona huyo paka," alisema. Halafu akacheka, wakatoka pamoja.

Nyumbani Chiriku hakugusa chakula. Alimweleza mama kila kitu, bila kuficha hata lile la kutamba na namba. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwonyesha laptopu kwa kidevu. "Anza hapo. Zichapishe."

Alichapisha makala zote. Alipomaliza, alimwomba mteja aliyekuwa akisubiri gauni lake amfungulie blogu kwenye simu yake. Mteja alifungua, akasoma kidogo, akakodoa macho.

"Fundi! Paka alizaa juu ya gauni la bi harusi?"

"Halikuwa lako," mama alisema haraka. "Vaa, uinue mikono."

Simu ya baba ilipoingia jioni, Chiriku aliipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Shikamoo baba. Nimekukosea," alisema upesi, asije akakosa ujasiri. "Sikuwa nimezichapisha. Wewe ulikuwa unaona sawasawa, mimi ndiye niliyekosea. Na nikakufutisha mambo yako yote, ukafokewa kazini. Nikasema hutaki kusoma. Nisamehe, baba."

"Marahaba, Chiriku wangu. Nimekusamehe. Nenosiri la kazini msimamizi alishanipa jipya," baba alisema. Halafu akakohoa kidogo. "Ile ya Karibuni naijua kwa kichwa. 'Baba, hii ni kwa ajili yako hasa.' Nilikuwa nafungua nione kama kuna mpya, nikikuta hakuna, naisoma hiyo hiyo. Sasa subiri, niangalie."

Simu ilikatika. Chiriku akabaki ameishikilia. Mama aliacha kushona, wote wawili wakaikodolea macho simu. Kisha simu ikaita tena, na kabla ya salamu baba alikuwa anacheka, anacheka mpaka maneno yanamshinda. "Ju... juu ya gauni!" alisema. "La bi harusi!" Chiriku naye akacheka na kulia kwa pamoja.

Baadaye, alipokuwa akikunja vitambaa, mama alimwita karibu.

"Kukosea kitufe si aibu, hata mimi nimewahi kushona mkono wa shati kwenye shingo," alisema. "Kosa lako ni hili: watu waliokupenda walikuambia ukweli, ukawaona wao ndio wabovu. Namba ilikusifu, ukaiamini bila kuiuliza inatoka wapi. Kazi unayomfanyia mtu, yeye ndiye wa kukuambia kama imemfikia. Akisema haijamfika, usibishane naye. Kaa chini ufumue."

"Nimeelewa, mama."

"Na mimi nimekusikia ukisema mambo ya kompyuta siyajui."

Chiriku aliinamisha kichwa. "Nisamehe na hilo."

"Vuta kiti," mama alisema. "Nionyeshe hicho kitufe."