Koti Lililojua Kwao

Mkono wa kushoto wa lile koti ulikuwa umelowa.

Klementina Luhaga aliubana kwa vidole, akaunusa, kisha akatazama juu kwenye bati, kana kwamba mwezi wa nane Bariadi mvua hunyesha kwa siri. Bati lilikuwa kavu, ukuta mkavu, na mkono wa kulia wa koti mkavu kama kuni. Ni huo wa kushoto tu, kutoka kwenye kiwiko kushuka, uliokuwa ukidondosha maji tone moja moja sakafuni. Maji yenyewe yalinuka tope na chuma chenye kutu, na chini ya hiyo harufu kulikuwa na marashi ya mwanamke.

"Sengi!" aliita. "Umemwagia koti langu maji?"

"Mimi?" Shangazi yake Nyanjige, sengi kwa Kisukuma, alijibu kutoka jikoni. "Lile la marehemu? Siligusi hata kwa fimbo."

Mwaka huo wa 1996 soko huria lilikuwa limeingia Bariadi kwa miguu yote miwili. Wanunuzi binafsi waligombea pamba ya wakulima kama vijana wanaogombea mchumba mmoja. Marobota ya pamba yaliondoka kwenda Ulaya, na marobota ya mitumba yakarudi. Watu wazima bado waliiita mitumba kafa-ulaya, kwani waliamini hakuna Mzungu mwenye akili timamu ambaye angetupa koti zuri namna ile angali hai.

Klementina alikuwa mkaguzi wa madaraja kwenye kinu cha pamba. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akichota pamba kwa vidole, anaivuta, anasema "safi" au "fifi", yaani chafu, na hapo ubishi unakwisha. Kwenye marobota ya safi walipiga chapa ya jina la mji yalikokwenda, Bremen, Ujerumani, na jina hilo lilimkaa kichwani hadi akaamua kwenda kuuona. Hakuwa anakwenda kusoma, wala kutibiwa, wala kuolewa. Alikwenda kutembea, peke yake. Mji mzima haukujua safari ya aina hiyo iwekwe kabati gani.

"Dada Klema," alisema Novatus, karani wa kinu, "mtu anauza ng'ombe sita akaone pamba inaposhushiwa? Si ungeniuliza mimi? Inashushiwa chini."

Alicheka pamoja nao, akaendelea kujiandaa. Pasipoti aliipata. Barua ya mwaliko ilitoka kwa mwalimu wake wa zamani wa hesabu, Mjerumani aliyestaafu. Padre mmoja aliyerudi kwao alikuwa amemwachia kanda nne za kujifunza Kijerumani. Lililobaki lilikuwa vazi la baridi, nalo alilipata mnadani kwa Joakim, zito, la kijivu, lenye vifungo vya pembe.

"Kwetu nguo ya marehemu haivaliwi hovyo," Sengi Nyanjige alimwambia siku alipolileta. "Matanga yaishe kwanza, wenyewe wakae, wamtaje jina, ndipo nguo zigawiwe. Hilo nani kaligawa?"

"Kaligawa Joakim, Sengi. Kalirusha juu ya turubai."

"Haya, cheka."

Alijifunza saa saba mchana, wakati wa mapumziko ya kinu, kwa sababu jioni redio ilikuwa mali ya Sengi na matangazo yake ya vifo. Alifunga mlango wa chumba, akavaa koti ili auzoee uzito wake, akakaa humo akitokwa jasho kama mkate wa kumimina. Mwanamume kwenye kanda alisema sentensi moja, kisha akanyamaza ili mwanafunzi arudie. Klementina alirudia.

Wiki ya tatu, katika ule ukimya, mwanamke alimtangulia.

Sauti ilikuwa ndogo, ya upole, na ilitokea karibu sana, kama kwenye ukosi wa koti. Ilitamka vizuri kuliko yeye. Klementina alidhani ni kanda. Alifurahi hata, maana sasa alikuwa na mwanafunzi mwenzake. Siku za mbele mwanamke akaanza kumuuliza maswali, polepole, kwa maneno aliyoyaweza. Unaitwa nani? Akajibu. Unakaa wapi? Akajibu. Unakaa na nani? Unasafiri lini? Akajibu yote, na kila jibu lilipokamilika alisikia pumzi ndogo ya kuridhika, kama ya mwalimu anayeweka alama ya vema.

Ilikuwa Alhamisi, mchana, jua limeubana mji hadi mbuzi wamenyamaza. Mwanamke alikuwa anamuuliza kitanda chake kiko upande gani wa nyumba. Klementina alinyoosha mkono kuongeza sauti ya redio, na kidole kikaingia kwenye tundu tupu la betri. Ndipo akakumbuka, kwa namna mtu anavyokumbuka kwamba aliacha moto unawaka, kwamba betri zilikuwa zimekwisha tangu jana, kwamba asubuhi alizitoa zote sita akazipanga juu ya bati zipigwe na jua zipate uhai kidogo, kwamba zilikuwa bado huko juu, na kwamba hata hivyo mwanamke alikuwa anaendelea kuongea, bila haraka, akirudia swali lake mara ya pili na ya tatu, huku mkono wa kushoto wa koti ukianza kuwa mzito, na baridi ikipanda kutoka kwenye kiganja hadi kwapani kama mtu anayeuingiza mkono wake ndani ya mkono ule ule.

Alilivua kwa kulinyofoa vifungo. Alikimbilia jikoni hana viatu.

Sengi alimsikiliza hadi mwisho. Hakupiga kelele. Alishusha tu sauti, na hilo ndilo lililomtisha Klementina zaidi.

"Ulimwona?"

"Hapana, Sengi."

"Ukaitika?"

"Nilidhani ni somo."

"Somo!" Sengi alinong'ona, akitazama mlango wa chumba. "Mtoto wa miaka mitatu hapa Bariadi anajua. Ukiitwa na usiyemwona, unanyamaza. Unatoka, unaangalia, ukiona mdomo ndipo unaitika. Wewe una cheti ukutani, umempa jina, umempa nyumba, umempa na siku ya safari. Umebakiza nini?"

Alikuwa amebakiza vidole, navyo vikaanza kwenda. Jumatatu kinuni alichota pamba nyeupe ya Maswa akavuta, asisikie nyuzi. Ilikuwa kama anashika maji. Akasema "fifi". Akachota nyingine, "fifi". Novatus aliacha kuandika.

"Dada Klema, hii hata kipofu anajua ni safi. Unaumwa?"

Alitaka kumwambia ndiyo. Lililotoka mdomoni lilikuwa neno la Kijerumani, kwa sauti ndogo, ya upole.

Jioni ile Sengi alimleta Kwandu. Huyu alikuwa mfumu, mganga wa ramli, anayejulikana, lakini ukimkuta sokoni ungemwona mwuza nyanya tu, mwenye kandambili na maneno machache. Alikuja na kifaranga kwapani, kwani Wasukuma humuuliza kuku mambo wanayotaka kuyajua. Alikipasua, akainama juu ya matumbo yake karibu na taa, akakaa hivyo muda mrefu.

"Si wa kwetu," alisema. "Wa kwetu ningemjua. Huyu alikufa kwenye maji. Nguo zake zilibebwa kabla hajaliliwa. Hajui yuko wapi, mayu, mama yangu. Anaona joto, anaona vumbi."

"Anataka nini?" Sengi aliuliza.

"Mwanzoni alitaka kwenda kwao. Sasa ameonyeshwa nyumba yenye mtu wa kumwita jina wakati wa kula." Alimtazama Klementina. "Sasa anachagua."

"Tulichome koti," alisema Klementina.

"Choma. Atatafuta vazi jingine, na humu ndani lenye ukubwa wake ni wewe."

Chumbani tone liliangukia sakafu. Wote watatu walilisikia.

Kwandu alifunga matumbo ya kifaranga kwenye jani. "Safari yako iko pale pale. Nenda naye. Ukifika kwenye mto wao, litundike juu ya maji, geuka, ondoka. Atakuita. Atatumia sauti unayoipenda. Usiitike! Ukinyamaza, atabaki kwao na wewe utarudi. Ukiitika, wewe ndiye utakayebaki huko, na yeye ndiye atakayerudi kulala kitandani mwako. Umenielewa, au nikurudishie kama hiyo redio yako?"

Alielewa. Mwezi wa kumi aliondoka.

Na ukweli usemwe, kwa sababu wanaorudi Ulaya hupenda kusimulia shida tu: alifurahi. Njiani kote koti lilinyamaza, na vidole vyake vikapona. Bremen aliagiza kahawa yeye mwenyewe, akapanda tramu akashuka alipotaka, akala samaki wa chumvi amesimama barabarani, wala hakuna shemeji wa kumuuliza alikuwa wapi. Lugha ilimjia. Maneno ambayo kanda haikuwahi kuyataja yalimpanda ulimini yakiwa tayari, na bibi wa nyumba ya wageni alimwambia kwamba anaongea kama wazee wa kule kando ya mto. Klementina alilichukua hilo kama sifa. Kwenye ghala moja mzee mwenye funguo alimruhusu avute pamba kutoka kwenye robota lenye chapa ya kinu chao. Aliivuta. "Safi," alisema kwa sauti, na machozi yakamtoka, mtu mzima.

Kwa hiyo alichelewesha. Koti lilikuwa na joto, ulimi ulikuwa mwepesi. Kesho, alijiambia, na kesho nyingine. Wiki tatu zikaisha hivyo. Siku ya mwisho, mchana wenye ukungu, alikwenda mtoni, akalivua, akalitundika kwenye ukingo wa chuma juu ya maji meusi, akageuka akabaki na sweta lake jipya.

Alihesabu hatua. Kumi. Kumi na mbili. Upepo ulileta ile harufu, tope na kutu na marashi, na nyuma yake akasikia kikohozi, kile kikavu cha mtu aliyeinamia moshi wa kuni miaka sitini, kisha sauti iliyokatika kidogo mwishoni kama inavyokatika siku zote, sauti iliyomwita atoke kwenye mchezo, iliyomwita siku baba yake alipokufa, sauti ambayo kwa wiki tatu hizi za furaha hakuna hata kinywa kimoja katika mji mzima kilichoweza kumwita hivyo:

"Klema! Ng'wana Luhaga! Ugali unapoa!"

"Abee, Sengi!"

Mdomo ulikuwa umekwisha sema kabla kichwa hakijajua. Aligeuka. Palikuwa na koti tu, linaning'inia, mikono yote miwili mikavu. Alisubiri kitu kimtokee. Hakuna. Akacheka kidogo, kicheko cha kujifariji, akaenda kufunga mizigo.

Uwanja wa ndege askari aligonga muhuri pasipoti ya aliyekuwa nyuma yake, yeye akapita. Kwenye basi la kutoka Mwanza mama mmoja aliweka kapu la dagaa kwenye kiti alichokikalia, bila samahani, ikabidi asogee. Langoni mwa kinu alimwona Novatus dirishani.

"Mwadila, Novatus! Kumbe inashushiwa chini kweli!"

Novatus alisugua mikono yake. "Hako kabaridi kanatoka wapi?" alimuuliza mlinzi, akafunga dirisha.

Wamenuna, alijiambia Klementina. Sikuwaandikia kadi.

Alifika nyumbani saa saba. Mbuzi walikuwa wamenyamaza. Mlango wa jikoni ulikuwa umerudishwa, moshi unatoka chini yake, na ndani mwiko ulikuwa ukigonga sufuria.

"Hodi! Sengi! Nimerudi!"

Mwiko ulisimama. Akamsikia Sengi akinong'ona.

"Klema... umesikia? Kuna kitu nje kinaita. Kinatumia sauti yako."

Na kutoka pale pale penye moto, ikajibu sauti ya Klementina mwenyewe, kwa lafudhi safi ya Bariadi isiyo na kosa hata moja, polepole na kwa uvumilivu, kama ya mtu anayemrudishia mwanafunzi somo.

"Usiitike, Sengi. Usiyemwona haitikiwi."

"Kweli, ng'wanone, mwanangu," alisema Sengi, na komeo likaingia.

Klementina aliinua mkono wa kushoto kugonga. Sweta lilikuwa limelowa kutoka kwenye kiwiko kushuka. Tone moja lilijikusanya kwenye ncha ya kidole, likaning'inia, likaanguka juu ya vumbi la mlangoni, na vumbi halikulowa.