Mama Pindo Aandika Wosia Mara Mbili

Mama Pindo alikuwa fundi wa nguo. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu pindo lake halifumuki, hata uvae gauni mpaka lichakae. Chumba chake cha kushonea kilikuwa na meza ya kukatia, kioo kirefu na cherehani mbili. Moja yake, nyingine ya binti yake wa kambo.

Mama Pindo hakujaliwa kuzaa. Binti huyo aliletwa na marehemu mume wa Mama Pindo, angali mdogo, akikaa kitini miguu haifiki chini. Akamlea, akamfundisha kazi, akampenda kupita kiasi.

Mwezi uliopita Mama Pindo aliugua. Mdogo wake wa kiume akaja kumjulia hali. Pole alitoa moja tu, kisha akaanza kushikashika cherehani.

"Dada, vitu hivi vitahitaji mwangalizi."

"Si binti yangu yupo?"

"Huyu? Si damu yetu. Atarudi kwao."

Kwao wapi, na kwao ni hapa? Maneno hayo yalimuuma Mama Pindo kuliko ugonjwa wenyewe.

Alipopona, akaandika wosia. Chumba na cherehani zote ni za binti. Akatia sahihi. Binti naye akatia sahihi, awe shahidi.

Siku iliyofuata alikuja mteja wao, wakili, kujaribu koti lake. Mama Pindo akamwonyesha wosia kwa maringo.

"Wazo zuri, Mama," wakili alisema. "Ila hapa umeharibu."

"Mimi? Sijaharibu kitambaa cha mtu tangu nianze kazi!"

"Shahidi wako ndiye mrithi. Anayerithi asishuhudie. Ndugu yako atasema binti alijiandikia mwenyewe, na mahakama inaweza kumnyima."

Mkasi wa binti ukasimama. "Na kama wosia haupo kabisa?"

"Mtoto wa kambo mara nyingi hahesabiwi. Mali huenda kwa ndugu wa damu."

Mama Pindo akakaa kitini. Aliogopa kweli. "Sasa tufanyeje, wakili?"

"Tunafumua, tunashona upya," wakili akacheka. "Tafuta watu wazima wawili, wasiorithi chochote. Wakuone ukitia sahihi, nao watie zao hapo hapo. Nakala moja nitaitunza ofisini."

"Nikibadili mawazo je?"

"Utaandika mwingine, mradi una akili timamu. Na usiogope, wosia hauui mtu."

Basi kinyozi wa jirani na muuza dawa wakaja kushuhudia. Binti alitoka nje mpaka wakamaliza. Kisha Mama Pindo akamwita mdogo wake, akamweleza yeye mwenyewe, ana kwa ana, asije akasikia kwa watu.

"Vitu ni vyangu, nimevitafuta kwa jasho langu. Nimempa mwanangu."

Mdogo wake alinuna. Akaondoka bila kuaga. Mama Pindo hakumfuata.

Siku zikapita. Asubuhi moja mdogo wake akatokea mlangoni na suruali mkononi. Akakohoa. Akamtazama dada yake, kisha akamgeukia binti. Tangu amjue, hakuwahi kumwita chochote ila "huyu".

"Mpwa wangu," alisema, "hebu nipunguzie kiuno hapa."

"Lete, mjomba," binti akajibu, akavuta kiti.

Mama Pindo akainamia cherehani yake. Sindano ilikuwa na uzi tayari, lakini alijifanya anautunga tena, asionekane akilia.