Vitabu Vinavyogomba

Chiriku alikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea hata mswaki ukiwa mdomoni. Lakini mama yake akitoa kitabu, mtoto anakuwa bubu. Mara tumbo linauma, mara kiu imembana.

"Sipendi vitabu," alisema jioni moja. "Vinagomba."

Mama alipigwa na butwaa. Yeye aliuza dawa katika duka la dawa, na kusoma alikupenda kupita kiasi. Mwalimu alikwisha kumwambia kwamba Chiriku anazijua herufi zote, ila kusoma hataki. Mama alikosa raha. Aliogopa mwanawe atavichukia vitabu maisha yake yote.

Jumamosi walikwenda kusuka nywele kwa jirani yao msusi. Mama alimhusudu sana mwanamke huyu. Watoto waliingia kwake wakilia, wakatulia tuli mpaka nywele zikaisha. Siri yake ilikuwa hadithi. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa kazini, alimpa kitabu mzazi yeyote aliyekaa pale asome kwa sauti.

"Leo zamu yako, jirani," alisema, akionyesha kitabu kwa kidevu. Kilikuwa kitabu cha jogoo aliyechelewa kuamka.

Mama akafungua ukurasa wa mwisho. Akasoma kwa sauti kavu: "Kwa hiyo, watoto, tuamke mapema. Tusiwe wavivu." Akafunga kitabu. "Haya, Chiriku, umejifunza nini?"

Chiriku akainamisha kichwa. "Shangazi, naomba maji," alimwambia msusi.

Msusi alicheka mpaka kitana kikamponyoka. "Jirani! Sasa jogoo mwenyewe yuko wapi?"

"Si huko mwanzo, kwenye porojo," mama alijibu. "Mimi nachukua lenye faida. Mteja wangu simsomei karatasi yote ya dawa. Namwambia kutwa mara tatu, basi."

"Hadithi si dawa, mwenzangu. Mtoto anataka kufurahi. Akifurahi, ataomba tena. Akisikia tena na tena, maneno anayazoea, na kusoma kunakuwa rahisi. Funzo usimmezeshe, atalipata mwenyewe. Anzia mwanzo. Akikukatiza kwa swali, mjibu. Na jogoo mpe sauti yake."

"Niwike? Mtu mzima mimi?"

"Wika!"

Mama akachungulia mlangoni, asije akapita mteja wake. Kisha akasoma. Jogoo aliamka saa sita mchana, akawika kwa madaha. Mwoka mikate akakurupuka kuwasha tanuri. Wanafunzi wakakimbilia shule, wakakutana na mwalimu anarudi nyumbani. Jogoo akasema, "Mimi sikuchelewa. Jua ndilo limewahi!"

Mama aliwika kwa sauti iliyokwaruza. Chiriku aliangua kicheko, msusi ikambidi amshike kichwa.

"Tena, mama! Wika tena!"

Tangu siku hiyo, kila jioni mama na mwana walikaa kitandani wakasoma. Mama hakutoa tena mtihani. Chiriku akitaka hadithi ileile, alisomewa ileile, mpaka mama akamchoka yule jogoo. Wakaazima vitabu vingine shuleni. Polepole Chiriku akaanza kudakia maneno na kuyaonyesha kwa kidole: "Hapa pameandikwa 'mkate'!" Mama alimsifu kwa moyo wote. Na moyoni alimsifu zaidi msusi, aliyemfundisha bila kumwaibisha.

Jumamosi nyingine kwa msusi, mama alinyoosha mkono achukue kitabu. Chiriku akamwahi.

"Leo nasoma mimi."

Kilikuwa kitabu kipya, cha mbuzi aliyekula kofia ya polisi. Chiriku alisoma neno baada ya neno. Mahali pengine alikwama. Mama alifungua mdomo amsahihishe. Msusi akamtazama tu, naye akanyamaza. Chiriku akarudia mwenyewe, akapatia, akaendelea. Mbuzi alilia kimbuzi, polisi akanguruma. Msusi akacheka mpaka akasahau kusuka.

Chiriku akainua macho kumtazama mama yake. Akakunja uso kwa mshangao.

"Mama, mbona unalia? Hapa ni pa kucheka!"